Sumaku ya Ta Kaijage na Saklipu ya Stenlesi

Wapo wanaostaafu na shukrani. Mimi nilistaafu na diploma, nyumba ya vigae Hamugembe mjini Bukoba, na koleo tatu za saklipu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, hata kwa maombi. Nayasema haya mapema ili mjue mnaongozwa na nani. Watu wa mikoa mingine husema kwamba ukimuuliza Mhaya saa ngapi, kwanza atakueleza saa yake aliinunua wapi. Yangu niliinunua Mwanza, na inakwenda vizuri mpaka leo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza ufundi mitambo. Nawajua. Mnakuja karakana mkiwa mmevaa ovaroli mpya, mnataka kushika injini siku ya kwanza. Mkionyeshwa saklipu, kile kipete kidogo chenye mdomo wazi na vitundu viwili puani, mnasema, "Hicho si ni kiklipu tu, fundi?" Ndiyo, ni kiklipu tu. Kinakaa kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa kuzunguka shafti, na kazi yake ni kuiambia beringi, "Hapa ndipo mwisho wako." Kikitoka, beringi inahama, puli inahama, na wewe unahama mji kwa aibu.

Mimi mwenyewe niliidharau. Nilitoka chuo cha ufundi Dar es Salaam nikiwa na alama nzuri za kuchora na tai moja, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha samaki Mwanza. Mkuu wa karakana alikuwa Mjita mmoja mfupi, mzee Masatu, mtu aliyekuwa na diploma kama yangu ila ya zamani zaidi, na hakuacha kunikumbusha. Siku ya kwanza alinipa saklipu mbili zinazofanana kama mapacha, akaniambia nifumbe macho.

"Ipi ina upande mkali?"

"Zote zinafanana, mzee."

"Pitisha ukucha."

Nikapitisha ukucha. Kila moja ilikuwa na upande mmoja wenye ukingo uliolainika kidogo na upande mwingine wenye ukingo wa kukwaruza. Ndivyo zinavyotoka zikikatwa kwa kugongwa kwenye bamba. Masatu akanieleza kwamba upande laini unaelekea kitu unachokizuia, na ule mkali unaegemea ukuta wa mfereji, ndio unaong'ata. Ukiigeuza, inakaa vilevile, inapendeza vilevile, halafu siku mzigo ukiongezeka inapanda ukuta wa mfereji taratibu kama mlevi anayepanda uzio.

"Chuoni walikufundisha hilo?"

"Hapana."

"Basi rudisha tai."

Tai sikurudisha. Lakini ukucha wa kidole gumba nimeufuga tangu siku ile, na hata kanisani watu hufikiri ni urembo.

Sasa, kuchagua. Kijana akiingia dukani mjini Bukoba anasema, "Naomba saklipu ya stenlesi." Muuzaji anampa kitu kinachong'aa. Kijana analipa na kuondoka akiwa na furaha. Hapo hakuna kilichochaguliwa, kimenunuliwa king'aacho tu. Kabla hujafungua mdomo wako dukani, jiulize ni nini kitakachokilowesha chuma hicho na ni nini kitakachokisukuma. Mengine yote, pamoja na kipenyo cha shafti na kina cha mfereji, venia, ile rula ya kubana vipenyo, itakwambia, na kama huna venia wewe bado si fundi, wewe ni mpita njia.

Kuhusu kulowesha, mfano mzuri ni kule Bumbire. Nilikuwa naitwa kisiwani mara kwa mara nikishuka likizo, kwa sababu habari za diploma husafiri kwa maji upesi kuliko mtumbwi. Mfanyabiashara mmoja wa kayabo, wale sangara wanaotiwa chumvi kusafirishwa mbali, alikuwa na pipa la kuzungusha la kuoshea samaki. Saklipu zake zilikuwa zinaoza kabla hata mwezi haujapevuka. Akanilalamikia kwamba ziwa limelaaniwa.

Nikamwambia ziwa halina kosa. Maji yetu ni matamu, saklipu nyeusi ya kawaida ikipakwa grisi inadumu vizuri ndani yake. Iliyolaaniwa ni chumvi yako. Yeye alikuwa ameuziwa saklipu zilizopakwa rangi ya fedha kwa juu tu. Ukiipanua kwa koleo kuivisha shafti, ule mpako unapasuka kwenye mkunjo, chumvi inaingia kwenye ufa, na kutu inaanza kazi ikiwa imejificha. Pale ilitakiwa stenlesi ya kweli, ya aina inayovumilia chumvi. Nikamletea. Mpaka naondoka Mwanza alikuwa bado ananitumia samaki.

Lakini jambo ninalotaka mlishike halikutokea Bumbire. Lilitokea upande wa Kagoma, wilayani Muleba, kwenye usharika wetu wa Kilutheri, nilipokuwa nimesharudi nyumbani na kujenga. Nalo linahusu lile swali la pili, la kinachosukuma, ambalo watu hulisahau kabisa wakishaona king'aacho.

Kwetu, kama hamjui, juisi ya ndizi hukamuliwa kwa miguu. Ndizi mbivu zinamenywa, zinachanganywa na nyasi ili zisiteleze, zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti, na mwanamume anaingia na kukanyaga. Ni kazi ya wanaume. Mwanamke haingii mle ndani hata kwa kidole cha mguu. Matokeo yake, mwanamke mwenye ndizi zake, shamba lake na vidumu vyake lazima amtafute mwanamume mwenye miguu. Na mwanamume mwenye miguu atakuja akipenda, atadai kibuyu cha kwanza, na kibuyu hicho kikikaa siku mbili kinageuka rubisi, yaani pombe, na ukiuliza kwa nini mtu aliyeokoka ana kibuyu cha rubisi, utaambiwa ni cha mgeni.

Mwenyekiti wa umoja wa wanawake pale alikuwa Ma Koku, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la tatu na ambaye mpaka leo hunitazama kama mtu aliyesahau kubeba moja. Alikuja karakana kwangu Hamugembe kwa bodaboda, akakaa kwenye kigoda, akaniambia:

"Mutalemwa, mwana wange, nimechoka na miguu ya wanaume."

"Ma, hilo si la fundi mitambo. Hilo ni la mchungaji."

"Nyamaza. Nataka mashine ya kukamua ndizi. Una diploma au huna?"

Swali kama hilo mimi huulizwa mara moja tu. Nikamtengenezea. Shafti yenye parafujo kubwa ndani ya bomba lenye vitundu, mota nyuma, puli na mkanda. Parafujo inasukuma ndizi mbele mpaka zinabanwa, juisi inashuka chini. Sikilizeni vizuri hapa: kinachosukuma mbele kinasukumwa nyuma. Ndizi zikikataa kubanwa, shafti yote inataka kurudi kinyumenyume kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Inayoizuia ni saklipu moja, iliyokaa mbele ya beringi, mahali ambapo juisi inavuja na kulowesha kila siku. Juisi ya ndizi ina ukali wake, na ni kitu kinachokwenda midomoni mwa watu. Kwa hiyo hapo ni stenlesi. Lakini pia pana msukumo mkubwa, kwa hiyo hapo ni stenlesi yenye springi, inayorudi na kubana kwa hasira ukiiachia. Maduka yote ya Bukoba hayakuwa na ya kipimo kile. Niliagiza Mwanza, ikaja moja, mwenye duka akasema nyingine ningesubiri.

Banda lilikuwa la usharika. Baraza la wazee wa kanisa liliwapa wanawake banda hilo kwa sharti: mashine ikamue mbele ya watu siku ya sikukuu ya mavuno, baada ya ibada, kabla ya mnada wa mazao. Ikishindwa, banda linarudi kuwa ghala la kahawa kama zamani na suala hilo lisiletwe tena barazani. Aliyeweka sharti hilo ni Ta Kaijage.

Ta Kaijage alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye suti ya kahawia na sumaku mfukoni. Sumaku ile ilitoka kwenye spika ya redio kubwa ya zamani, ameifunga kwenye leso. Aliwahi kuuziwa sufuria za stenlesi ambazo zilishika kutu, na tangu hapo akaapa hakuna chuma kitakachoingia usharikani bila kupimwa. Alipima vijiko vya wageni. Alipima birika la mchungaji. Alipima, na hili niliona kwa macho yangu, kikombe cha ushirika, mwinjilisti akiwa amekishika. Kanuni yake ilikuwa moja: sumaku ikishika, ni feki.

Juma la mavuno nilikwenda Bumbire kutengeneza pampu. Nikarudi Jumapili asubuhi moja kwa moja kanisani, nimevaa vizuri, nikamkuta Ma Koku ananisubiri nje ya banda akiwa amefunga mikono kifuani.

"Kaijage amepima mashine yako jana," akasema. "Sumaku imeishika pete."

"Basi?"

"Basi amesema umetuletea chuma feki kwa kuwa sisi ni wanawake. Amemleta Jasoni, ameitoa, ametuwekea nyingine."

Jasoni ni fundi wa pale kijijini anayetengeneza vyetezo, vikaango na mageti. Mtu mzuri sana na mageti yake yanafunguka. Nikachungulia. Parafujo huwa inachomolewa kwa ajili ya kuoshwa, kwa hiyo mahali pa saklipu panafikika kirahisi, kosa langu likiwa ni kutengeneza kitu kilicho rahisi kufungua. Pale kwenye mfereji palikuwa na waya wa stenlesi uliokunjwa kwa duara zuri sana, umesuguliwa mpaka unang'aa, kama hereni ya bibi harusi. Nikaugusa kwa kidole. Ukazunguka.

Vijana, hiyo ndiyo dalili. Saklipu nzuri ukiigusa haizunguki kwenye mfereji kwa kidole. Imebana. Ukiona inacheza kama bangili, imelegea au imeshapanuka kupita kiasi na haitarudi.

Nikamtafuta Ta Kaijage. Alikuwa amesimama na wazee wenzake karibu na rundo la ndizi za mavuno.

"Ta, waitu," nikaanza kwa heshima, "umeniondolea pete yangu."

Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Saklipu yangu ilikuwa imenasa kwenye sumaku kama kupe. Alikuwa ameibeba ibadani kama kielelezo.

"Fundi Mutalemwa, hii ndiyo stenlesi mnayofundishwa Dar?"

"Hiyo hasa."

"Imeshikwa na sumaku."

"Stenlesi zina koo zake, Ta. Kuna ukoo wa sufuria na waya, huo sumaku haiushiki, haushiki kutu kirahisi, lakini ni laini. Huwezi kuukomaza kwa moto. Kuna ukoo mwingine unaokomazwa, ndio wa visu na springi. Huo sumaku inaushika na bado ni stenlesi. Na hata ule wa kwanza, ukiukunja sana baridi, unaanza kushikwa kidogo."

"Kwa hiyo stenlesi inayoshikwa ni stenlesi, na isiyoshikwa nayo ni stenlesi."

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake. "Mnamsikia mtu wa diploma?"

Walicheka sana. Mimi pia ningecheka ningekuwa sijui chochote. Ningeweza kuutoa ule waya pale pale, nikamnyang'anya pete yangu na kuirudisha. Lakini fikirini. Watu wangesema fundi amerudisha feki kwa ujanja, na mashine ingekamua, na kila kitu kitakachoharibika baada ya hapo mpaka paa la kanisa kingekuwa ni ile feki. Nikamwambia Ma Koku, "Tuwashe na ya kwao."

"Ikiharibika banda linakwenda."

"Haitaharibika. Nitashika swichi mwenyewe."

"Mutalemwa, hesabu zako za darasa la tatu nazikumbuka."

"Ma, niamini."

"Sikuamini. Lakini sina mwingine," akasema, akaenda kuwaita wanawake wenzake.

Baada ya ibada watu wakatoka kanisani wakazunguka banda. Wanawake walikuwa wamemenya ndizi na kuzichanganya na nyasi kwenye ule mtumbwi wa zamani. Nilishamwambia Ma Koku kwamba mashine haihitaji nyasi. Akaniambia juisi isiyopita kwenye nyasi ni maji ya ndizi, na kama diploma yangu haina habari za nyasi basi haijakamilika. Nikaacha.

Nikawasha. Zikatiwa ndizi. Juisi ikaanza kudondoka, wanawake wakapiga vigelegele, Ta Kaijage akaitazama juisi, kisha akaitazama pete yake inayong'aa, akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyebuni kitu. Nami nilikuwa natazama puli. Ndizi zilipoanza kubanwa kweli, shafti ikarudi nyuma kidogo. Ikarudi tena. Ule waya ulikuwa unafunguka mdomo taratibu kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Puli ikaligusa bati la nyuma, ikalia mlio mmoja mbaya sana, mkanda ukachomoka. Nikazima.

Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Basi kahawa irudi ndani."

"Subiri," nikasema. Nikachomoa parafujo, nikautoa ule waya, nikauinua juu. Ulikuwa umefunguka kama herufi C iliyochoka. "Huu haukuvunjika. Haukushika kutu. Sumaku haiushiki. Umelegea tu, kwa sababu hakuna aliyeuuliza kama una nguvu. Ta Kaijage, naomba pete yangu."

Akasita. Wanawake wote walikuwa wanamtazama. Akaibandua kwenye sumaku, akanipa.

Hapo ndipo wakati wangu ulikuwa umefika, na mimi wakati wangu ukifika huwa sikai kimya. Nikatoa koleo ya saklipu, nikaingiza ncha kwenye vitundu, nikaanza kuwaeleza watu wote namna ya kupanua pete: unaipanua kiasi cha kupita kwenye shafti tu, si zaidi, kwa sababu ukiizidishia hata ile bora inageuka bangili. Nikawaonyesha upande laini na upande mkali. Nikawataja Mwanza na chuo. Nilikuwa katikati ya neno "springi" wakati kwaya ya vijana, ambao hakuna aliyewaomba, ilipoanza wimbo wa mavuno nyuma yangu. Koleo ikateleza.

Saklipu yenye springi ikiachiwa haianguki. Inaruka. Ikapita juu ya kofia ya mchungaji, ikatua ndani ya mtumbwi, katikati ya ndizi na nyasi, ikazama bila sauti.

Siku nyingine zote maishani mwangu nimevaa miwani na kuikinga pete kwa kiganja cha mkono wa pili. Fanyeni hivyo. Na msihutubie.

Ma Koku akanitazama kwa lile jicho la kubeba moja. Mtumbwi ulikuwa umejaa mpaka juu, ndizi zimeshapondeka, nyasi zimesokotana humo. Huwezi kuzitia ndizi hizo kwenye mashine kukiwa na pete ndani, utavunja bomba au jino la mtu. Huwezi kuzimwaga, ni mavuno ya wanawake wa usharika mzima. Na pete nyingine ilikuwa Mwanza. Wazee wawili walishaanza kulitazama banda kwa macho ya kupima magunia.

"Tutafute kwa mikono," mwanamke mmoja akasema.

"Mpaka lini?" mzee akauliza. "Mnada unasubiri."

Ma Koku hakuinua sauti. Alimgeukia Ta Kaijage kama anavyomgeukia mwanafunzi aliyeketi dawati la nyuma.

"Kaijage, bojo, tafadhali. Umetuambia tangu jana kwamba chuma hiki kinashikwa na sumaku."

"Kinashikwa."

"Una uhakika?"

"Wote mmeona."

"Sasa kishike."

Ilichukua muda mpaka watu waelewe, na waliopata kuelewa kwanza walikuwa wanawake, kicheko kikaanzia kwao. Ta Kaijage alisimama. Angeweza kukunja leso yake, akaenda zake mnadani, na banda lingekuwa ghala kabla ya jioni. Nilimwona akifikiria. Lakini pale mbele ya usharika mzima mtu alikuwa ameomba sumaku yake, na katika miaka yote ya kuibeba, hakuna aliyewahi kuiomba. Watu walikuwa wanaikimbia tu.

Akavua koti, akampa mchungaji. Akakunja mikono ya shati. Akafunga sumaku kwa kipande cha kamba ya mgomba, akapiga magoti kando ya mtumbwi, na kuanza kuipitisha kwenye ndizi polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza mwenyewe.

Kitu cha kwanza kunasa kilikuwa msumari. Akauweka pembeni. Cha pili kikawa kizibo cha chupa ya bia. Akakitazama. Watu wote wakakitazama.

"Nyasi hizi mmekata wapi?" akauliza.

"Nyuma ya ofisi ya wazee," akajibu Ma Koku.

Mwinjilisti akakohoa. Mzee aliyesema kahawa irudi ndani akagundua kwamba kuna mtu anamwita mnadani. Ta Kaijage akakitia kizibo mfukoni, akaendelea, mkono wake ukiwa umezama mpaka kwenye kiwiko, shati jeupe likigeuka rangi ya ndizi. Kisha akatulia. Akainua kamba. Saklipu yangu ilikuwa imening'inia kwenye sumaku, inadondosha juisi.

"Fundi," akasema, "ingekuwa stenlesi yangu, tungeitafuta mpaka mavuno mengine."

Niliichukua, nikaiosha, nikaivisha kimya kimya, kiganja kimekinga. Nikapitisha kidole. Haikuzunguka. Tukarudisha parafujo na mkanda, Ma Koku akabonyeza swichi mwenyewe, na ndizi zilipobanwa shafti ilitaka kurudi nyuma ikakuta mlango umefungwa. Juisi ikashuka kama maji ya bomba. Wanawake wakajaza vidumu mpaka mnadani wakakosa wateja, maana wote walikuwa kwenye foleni bandani. Kibuyu cha kwanza hakuna mwanamume aliyekidai.

Banda likabaki la wanawake. Lakini msidhani Ta Kaijage alikubali kushindwa, kwa sababu kwa maelezo yake hakushindwa. Anawaeleza watu Muleba nzima kwamba mashine ile ilikuwa imekwama, diploma imeshindwa, ndipo yeye akaokoa jahazi kwa sumaku. Mbaya zaidi ameigeuza kanuni yake. Sasa anasema saklipu isiyoshikwa na sumaku ni feki. Watu kutoka Kagoma wanakuja Hamugembe na vijisumaku mfukoni, nawapa saklipu nzuri tu ya waya uliovutwa kiwandani ukakomaa, ambayo haishikwi sawasawa na inatosha kabisa kwa kazi yao, wanairudisha mezani na kuniambia, "Fundi, Ta Kaijage amesema." Nimejaribu kueleza habari za koo. Hawataki. Kwa hiyo ninyi vijana niwaeleze ninyi: sumaku inakwambia ukoo, haikwambii tabia. Tabia unaipima kwa kuipanua kidogo na kuiachia, uone inarudi vipi. Na ukucha, msisahau ukucha.

Kila sikukuu ya mavuno naenda Kagoma kuiwasha mashine mara ya kwanza, ingawa wanawake wanajua kuiwasha kunizidi. Kabla ndizi hazijatiwa, Ma Koku anamwita Ta Kaijage. Anakuja na suti ya kahawia, anavua koti, anapiga magoti, anapitisha sumaku kwenye mtumbwi mzima bila haraka, kwa sababu wanawake walikaa kikao wakaamua kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya mwanamume katika banda lile. Vizibo hapati tena. Nyasi siku hizi zinakatwa mbali na ofisi ya wazee. Akimaliza anasimama, anafuta mikono kwa leso, ananitazama mimi na koleo zangu na kuniambia, mbele ya watu wote, "Haya fundi, sasa unaweza kuendelea."

Na mimi, mwenye diploma, naendelea.